Ukurasa wa pembetatu umekubali

Umekubali! Ukurasa wa Gibbons, mfanyabiashara wa stempu wa zamani, katika kitabu changu cha stempu, ule ulionisumbua tangu kabla ya masika, sasa unafunguka na kufungika na stempu haichezi hata kidogo. Naandika leo leo, maana najua wenzangu kadhaa mna stempu zenu za pembetatu zimelala kwenye bahasha kwa sababu hii hii.

Kwa aliyeingia sasa: kitabu nakitengeneza kwa mkono. Kila kurasa mbili zinazotazamana ni kisa cha mfanyabiashara mmoja wa stempu wa zamani, maelezo kushoto, stempu kulia. Hamu hiyo nimeipata kwa Herman Herst Jr., mwuza stempu wa Marekani, na kitabu chake Nassau Street cha mwaka 1960, kuhusu mtaa wa New York uliokuwa umejaa wauza stempu. Tangu nikisome, katalogi zenye bei tupu hazinitoshi. Nataka kumjua aliyekaa nyuma ya meza.

Kisa cha Gibbons mnakijua. Mwaka 1863, Plymouth, mabaharia wawili wanaingia kwenye duka la dawa la familia yake wakiwa na mfuko uliojaa pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema, walizozipata kwenye bahati nasibu kule Cape Town. Edward Stanley Gibbons, kijana wa miaka 23, anawapa pauni 5 kwa mfuko mzima. Mwaka 1890 aliiuza biashara yake kwa Charles Phillips kwa pauni 25,000. Kurasa za kushoto zilijiandika zenyewe.

Kulia ndiko kulikokuwa na kazi. Nina peni 4 ya buluu, kingo zake zimekatwa karibu mno upande mmoja, lakini yule mwanamke aliyeketi na nanga anaonekana vizuri na muhuri ni mwepesi. Kijikaratasi cha gundi cha kubandikia stempu sikitaki: kwa unyevu wetu wa Mombasa kinashika, na siku ukikibandua kinaondoka na ngozi ya nyuma ya stempu. Vipochi vya plastiki vyenye mgongo mweusi vimetengenezwa kwa stempu za mstatili. Ukiweka pembetatu ndani, inateleza mpaka kona. Ukikikata kipochi mshazari, unabaki na ukingo mmoja tu uliofungwa, na stempu inatoka ubavuni. Nikajaribu kona za karatasi kama za picha za zamani, zikaiziba nusu ya nanga. Nikajaribu kufunga mbavu kwa uji wa ngano, ukaipinda plastiki. Nilichoka kabisa na ukurasa huu. Kuna wiki sikutaka hata kuuona.

Jibu lilikuwa kwenye shiti yenyewe, ile karatasi nzima ya stempu kabla hazijakatwa. Pembetatu hizi, tangu zilipotoka Septemba 1853, zilichapwa mbili mbili, upande mrefu kwa upande mrefu, na kila jozi ni mraba. Basi nikatengeneza kipochi cha mraba, nikakisimamisha kwa pembe, nikaziba pande mbili za chini. Nusu ya chini nikaijaza kwa pembetatu ya karatasi isiyo na asidi, unene ule ule wa stempu. Stempu inaingia kwa juu na kukalia upande wake mrefu juu ya karatasi hiyo. Haina pa kwenda.

Na ile nusu ya chini sikuiacha tupu. Mwaka 1861 stempu zilikwisha Cape Town kabla mzigo wa London haujafika, wakachapa za dharura kwa Saul Solomon, mchapaji wa huko huko. Katika kupanga vipande vya chapa, kipande cha peni 1 kikaingia kwenye sahani ya kuchapia peni 4, na cha peni 4 kwenye ya peni 1. Ndiyo maana ipo peni 1 ya buluu, rangi ya peni 4, ambayo mimi sitaimiliki kamwe. Nimeichora kwa penseli ya buluu, kichwa chini, na neno NAKALA pembeni. Yangu ilichapwa London na ile ya mchoro ilichapwa Cape Town, nimeyaandika yote mawili. Naupenda ukurasa huu kuliko mwingine wowote humu.

Kuhusu vifaa: wembe mpya unashinda kisu chochote cha kukatia karatasi nilichonunua. Kibano kiwe cha ncha bapa, kile chenye ncha kali kitoboe kitu kingine. Vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, wekeni, ila msizidishe, stempu yenye gundi ikikauka mno inajikunja.

Mfanyabiashara aliyefuata kitabuni alikuwa Moens wa Brussels. Atasubiri. Kipochi hiki kimenipa wazo la dirisha linaloonyesha pande mbili, na mara moja nikaiwaza stempu ya senti 1 ya British Guiana ya 1856, ile ambayo Vernon Vaughan, mtoto wa miaka 12, aliiuza kwa shilingi sita mwaka 1873. Nyuma yake wamiliki wameacha alama zao: mkusanyaji Ferrary jani lake la ncha tatu, mbunifu wa viatu Stuart Weitzman kiatu cha kisigino kirefu. Halafu mwaka 2021 aliyeinunua, kwa dola milioni 8.3, ni kampuni ya Stanley Gibbons! Kitabuni mwangu itakaa wapi kama si mara tu baada ya duka la dawa la Plymouth?

Nakala ya mbele na nyuma nimeshaichora. Shida ni kwamba stempu ile imekatwa kona zote nne, kwa hiyo sasa nina pande nane za kushikilia.