Ugumu Uko Katika Kuitoa Hewa, Si Katika Kuipima

Kazi yangu ni ya maabara ya kemia, na kila ninapokutana na ule mchoro mashuhuri unaoonyesha hewa ya ukaa ikipanda na kushuka kwa miaka 800,000, macho yangu hutua kwenye nukta kabla ya mstari. Kila nukta ni kipande cha barafu kutoka Antaktika ambacho mtu alikikata kwa msumeno ndani ya chumba baridi, akakivunja, akakusanya hewa iliyotoka, kisha akaipima. Wasomaji wengi husifu mashine ya kupimia. Kwa maoni yangu sifa kubwa zaidi inastahili hatua inayotangulia, yaani kuitoa hewa ile ndani ya barafu bila kuiongezea wala kuipunguzia kitu.

Katika sehemu za ndani za Antaktika theluji haiyeyuki. Inashindiliwa na theluji mpya inayoiangukia mwaka baada ya mwaka, na kwa makumi ya mita kwenda chini, mahali pengine kufikia mita 100, bado ina vinjia ambavyo hewa ya juu hupita. Vinjia hivyo vikizibika ndipo viputo vinapofungwa, na ndiyo maana hewa iliyo ndani ya barafu huwa changa kuliko barafu yenyewe. Law Dome, karibu na pwani ya bara hilo, ambako theluji huanguka kwa wingi, tofauti hiyo ni ya miongo michache. Vostok, ndani kabisa ya bara, ambako theluji ni haba mno, hufikia maelfu ya miaka. Isitoshe, kabla ya kufungwa, gesi nzito huelekea kujikusanya chini kidogo kuliko nyepesi kwa sababu ya mvutano wa dunia, na mpimaji hulazimika kusahihisha jambo hilo kwa kutumia uwiano wa isotopu za nitrojeni, yaani atomi za nitrojeni zenye uzito tofauti.

Hewa yenyewe ni kidogo. Gramu moja ya barafu hutoa takriban sehemu ya kumi ya mililita, na katika hewa hiyo hewa ya ukaa ya zama za baridi kali ilikuwa karibu sehemu 180 kwa milioni, methani karibu sehemu 350 hadi 400 kwa bilioni. Kwa kiasi kama hicho, unyevu uliobaki ukutani mwa chombo au kiungo cha bomba kinachovuja kidogo kinatosha kuharibu jibu.

Mtu asiyeijua kazi hii angeuliza kwa nini barafu isiyeyushwe tu. Kwa hewa ya ukaa haifai. Gesi hiyo huyeyuka vizuri majini, na vumbi lililomo ndani ya barafu lina kaboneti, madini ya jamii ya chokaa, ambazo zikikutana na tindikali katika maji huzalisha hewa ya ukaa mpya, isiyokuwamo angani siku ile. Kwa hiyo barafu huvunjwa ikiwa kavu. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kwa miaka mingi kimetumia chombo kidogo cha chuma chenye sindano nyingi zilizopangwa pamoja. Kipande cha gramu nane hivi, ambacho tabaka lake la nje limekwisha kukatwa kwa kuwa huenda limepoteza gesi wakati wa kuhifadhiwa, huwekwa ndani. Pampu huondoa hewa ya chumba mpaka libaki ombwe. Kisha sindano huipigapiga barafu, katika baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, hadi iwe chenga. Hewa inayotoka hupitishwa kwenye mtego wa baridi unaonasa mvuke wa maji, halafu huingia katika chumba ambamo miale ya leza hupima kiasi cha hewa ya ukaa. Upimaji wenyewe ni wa muda mfupi. Kinachokula muda ni kukausha, kuondoa hewa na kungoja, pamoja na kurudia hatua zote hizo kwa barafu ya kutengeneza isiyo na viputo, iliyotiwa gesi ya kiwango kinachojulikana, ili ijulikane ni kiasi gani chombo chenyewe kinaongeza.

Waaustralia wa CSIRO, shirika la taifa lao la utafiti wa sayansi, walichukua njia nyingine kwa barafu ya Law Dome. Chupa yao ndani ina bati lenye matundu makali kama la kukunia karoti. Barafu ya uzito unaokaribia kilo moja hutikiswa humo mpaka ikwanguke yote, na hewa hunaswa katika mtego wenye baridi kali kiasi cha kuigandisha hewa yenyewe. Kwa kuwa hewa ni nyingi, waliweza kupima gesi kadhaa kutoka sampuli moja kwa kromatografia, njia ya kuzitenganisha gesi moja moja. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1996 ndiyo ninayoyaheshimu zaidi katika fani nzima, kwa sababu barafu yao ya miaka ya karibuni inapishana na vipimo vilivyochukuliwa moja kwa moja angani, na namba zinaafikiana. Kabla ya viwanda, walipata sehemu 275 hadi 284 kwa milioni.

Si kila barafu ina uaminifu huo. Katikati ya miaka ya 1980 barafu ya Dye 3, kusini mwa Greenland, ilionyesha hewa ya ukaa ikiruka kwa sehemu 50 hivi kwa milioni katika vipindi vifupi vya zama za baridi. Ilikuwa habari kubwa. Baadaye barafu ya Antaktika ya wakati uleule haikuonyesha miruko hiyo, na ikadhihirika kwamba vumbi la Greenland, lenye kaboneti na mabaki ya viumbe, lilikuwa limezalisha gesi ndani ya barafu yenyewe. Tangu hapo Greenland haitegemewi kwa hewa ya ukaa. Barafu ya Kilimanjaro, niulizwavyo mara kwa mara, iliyochimbuliwa mwaka 2000 na timu ya Lonnie Thompson, ilisomwa kwa isotopu za oksijeni na vumbi. Barafu inapoyeyuka juu na kuganda tena, kama sasa inavyotokea pale, maji hubeba hewa ya ukaa ya ziada, na kumbukumbu ya gesi huharibika.

Hata methani, ambayo haiyeyuki sana majini na hivyo huruhusu barafu kuyeyushwa ndani ya ombwe kisha kugandishwa upya, imeleta mashaka: miaka ya karibuni imegundulika kwamba barafu ya Greenland yenye vumbi jingi huzalisha methani ya ziada wakati wa kuyeyushwa kwenyewe, na dalili iliyoifichua ni ethani iliyozidi pamoja nayo.

Kisha kuna kisa cha Bern kujisahihisha. Chini sana, msongamano huvifanya viputo vitoweke machoni; hewa huingia katika fuwele za barafu, na kuvunja kwa sindano hakuitoi yote. Mwaka 2015 watafiti walirudia sehemu kongwe ya barafu ya Dome C, iliyochimbwa Antaktika na mradi wa Ulaya uitwao EPICA, kwa njia tofauti za kutoa hewa, wakakuta chombo cha sindano kilikuwa kikikosea katika mita 200 za mwisho, kosa likiongezeka kadiri kina kinavyoongezeka hadi kufikia karibu sehemu 10 kwa milioni chini kabisa. Leza haikuwa na hatia.

Njia inayoziba pengo hilo ni kuigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji, ili hewa itoke yote. Ni ya polepole, na hapo awali ilitumika zaidi kwa isotopu za kaboni. Sasa Bern wameitengenezea leza ya kuvukizia barafu, kwa sababu kuna barafu inayoisubiri: Januari 2025 mradi wa Beyond EPICA, mrithi wa EPICA, ulifika kwenye mwamba, mita 2,800 chini ya Little Dome C huko Antaktika, ukiwa na barafu ya miaka isiyopungua milioni 1.2. Katika sehemu kongwe, mita moja hubeba hadi miaka 13,000, kwa hiyo hakuna gramu ya kuchezea. Katika mfumo huo mpya mililita moja hivi ya hewa hupimwa hewa ya ukaa, methani na oksidi ya naitrasi kwa pamoja, na ikishapimwa hurudishwa chupani kwa ajili ya vipimo vingine.