Siku moja maishani mwangu: mhariri wa habari na neno "bado"

Saa 10:40 alfajiri

Kabla sijainuka kitandani nasoma ujumbe wa mhariri wa zamu ya usiku. Tumekubaliana aandike mafungu matatu tu: yaliyotangazwa, yaliyothibitishwa ila hayajatangazwa, na yanayosemwa tu. La tatu ndilo ninalolisoma mara mbili. Leo lina jambo moja: inasemekana mwanasiasa fulani amelazwa na hali yake ni mbaya. Nimemjibu, "Tusiliguse mpaka familia au hospitali iseme," kisha nikaingia kuoga.

Saa 12:00 asubuhi

Taarifa ya kwanza inakwenda hewani nikiwa nimesimama nyuma ya fundi mitambo. Dakika ya tatu mtangazaji anamtaja naibu waziri kuwa ni waziri. Hajakosea yeye. Skripti ndiyo iliyoandikwa hivyo, na mimi ndiye niliyeipitisha robo saa iliyopita.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye sikioni: "Ni naibu waziri. Rekebisha ukimaliza habari hii. Kosa ni langu."

Akarekebisha kwa sentensi moja, akaendelea na habari iliyofuata, sauti imetulia.

Yale maneno matatu ya mwisho nayasema kwa makusudi. Mtu akiwa mbele ya maiki iliyo wazi, unachomtia sikioni ndicho kitakachotoka kwenye sauti yake. Nilipokuwa mtangazaji mchanga, mhariri wangu alinifokea sikioni katikati ya taarifa. Nilisoma dakika nne zilizobaki bila kuelewa hata neno moja nililokuwa nalitamka. Wasikilizaji walisikia sauti inayotetemeka na hakuna aliyejua sababu. Mhariri yule alikuwa hodari wa lugha kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, lakini baada ya siku ile sikuwahi kumpelekea mashaka yangu. Nilikuwa naona tarakimu hazijumlishiki, nanyamaza. Naamini wenzangu nao walikuwa wakinyamaza.

Saa 2:30 asubuhi

Kikao cha uhariri. Wa mwisho kuajiriwa ndiye anayeanza kusema, mimi nafunga. Nilijifunza hili baada ya kuongoza vikao kwa kuanza na maoni yangu, nikajiona mahiri kwa kuwa kila mtu alikubaliana nami. Mkubwa akishasema, wadogo huwa hawatoi mawazo tena, wanapamba yale aliyoyatoa yeye.

Leo nimeikataa habari ya ripota wetu mkongwe, nami nimemweleza sababu mbele ya wote: ana upande mmoja tu, na simu aliyompigia mtuhumiwa aliipiga mara moja, saa 5 usiku. Amekunja uso. Nitamfuata baadaye mezani kwake, maana mtu wa umri wake akikosolewa hadharani anastahili pia kuzungumza nami faragha.

Saa 4:00 asubuhi

Nusu saa na vijana walioko mafunzoni. Nimewapa mfano wa tarehe 28 Juni 2012, siku Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu kuhusu sheria ya bima ya afya ya Rais Obama. CNN na Fox News walitangaza kwamba kifungu kinachowalazimu wananchi kuwa na bima kimebatilishwa. Ukweli ulikuwa kinyume: kifungu kilibaki, kwa kura 5 dhidi ya 4. Sehemu ya mwanzo ya maoni ya Jaji Mkuu John Roberts ilisema kifungu hakiwezi kusimama juu ya mamlaka ya Bunge ya kusimamia biashara. Mbele yake ilisema kinasimama juu ya mamlaka ya kutoza kodi. Waliokimbilia hewani walikuwa wamesoma mwanzo tu.

Kijana mmoja akauliza, "Sasa kosa ni la ripota aliyesoma au la aliyekuwa akimharakisha?"

Swali zuri kuliko mhadhara wangu wote. Nikamwambia jinsi ninavyoamini: mwenye kuongoza matangazo ndiye anayeamua mapema, siku haijafika, kwamba hukumu itasomwa mpaka wapi kabla mtu hajafungua mdomo. Ripota anayesubiriwa na kamera hawezi kujitungia utaratibu huo palepale.

Saa 6:15 mchana

Idara ya masoko imepiga simu: mteja mkubwa wa matangazo hapendi ripoti yetu ya juzi. Nimesikiliza, nimeuliza kama kuna ukweli wowote tulioukosea, hakuna. Ripoti inabaki. Ripota aliyeiandika hajui kama simu hiyo imepigwa, na leo sina sababu ya kumwambia.

Saa 9:05 alasiri

Moto kwenye ghala. Wafanyakazi walikuwa ndani.

Dakika mbili za kwanza nilikuwa nagawa kazi: ripota mmoja eneo la tukio, mwingine hospitali, mmoja ashike simu ya zimamoto na asiiachie kwa kazi nyingine yoyote. Mtangazaji aingie hewani na tulichokiona wenyewe tu, kwamba kuna moto, magari ya zimamoto yamefika, barabara imefungwa.

Saa 9:20 kituo kingine kikasema wamekufa watu 7. Saa 9:23 mitandao yote ilikuwa inasema 7. Kwenye chumba cha habari hii ndiyo hali ninayoiogopa kuliko kukatika kwa umeme. Macho yote yananigeukia, hakuna anayesema kitu, na kila mtu anahesabu sekunde ambazo tumepitwa.

Mtayarishaji wa taarifa akasema, "Dada, tuseme 'kwa mujibu wa vyombo vya habari.' Tutakuwa salama."

Binti wa dawati la mitandao, ana miezi minne kazini, akainua mkono kama yuko darasani. Akasema taratibu, "Samahani Dada. Nimefuatilia hizo 7. Wote wanarudi kwenye ujumbe mmoja, na aliyeuandika hayuko pale. Zimamoto bado hawajatoa idadi."

Nikamwomba aseme tena, kwa sauti, ili chumba kizima kisikie. Kisha nikasema, "Hatutaji idadi. Huo ndio uamuzi, na jina langu ndilo litakaloandikwa kwenye kitabu cha zamu. Mkiulizwa na yeyote, mwambieni aje kwangu."

Nilikuwa namfikiria Mark Kelly, aliyekuwa mwanaanga wa Marekani. Tarehe 8 Januari 2011 mke wake, mbunge Gabrielle Giffords, alipigwa risasi kichwani huko Tucson, Arizona. Watu 6 walikufa siku hiyo. Redio ya NPR ilitangaza kwamba naye amefariki, na vituo vingine vikubwa vikaipokea habari hiyo na kuirudia. Giffords alikuwa hai, yuko mikononi mwa madaktari wa upasuaji. Kelly alikuwa ndani ya ndege akimkimbilia, pamoja na binti zake na mama yake mzazi, na humo ndani ya ndege wakasikia kwenye televisheni kwamba amekufa. NPR iliomba radhi hadharani. Lakini zile dakika ambazo familia iliamini kuwa imefiwa, hakuna radhi inayozirudisha. Na "kwa mujibu wa" ingesaidia nini mle ndani ya ndege?

Mkurugenzi akapiga simu saa 9:40. Kwa nini sisi tuko nyuma? Nikamweleza: chanzo ni kimoja, hakiko eneo la tukio, na zimamoto wameahidi kuzungumza saa 10:15. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, nasubiri." Nampa haki yake. Angeweza kuamuru vingine, na bila yeye msimamo wangu usingefika mbali.

Mtangazaji wetu aliyekuwa hewani ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko sisi sote. Alijaza zaidi ya saa nzima bila idadi. Alieleza kilichojulikana na kisichojulikana, akarudia namba ya simu waliyoitoa zimamoto kwa ajili ya ndugu, na kila baada ya dakika chache akasema, "Idadi ya walioathirika bado haijathibitishwa." Nilikuwa nikimwambia sikioni jambo moja tu, "Unakwenda vizuri."

Saa 10:20 msemaji wa zimamoto alisema waliofariki ni 3. Majeruhi ni 11. Tuliyatangaza yote mawili. Majina hatukuyataja, ingawa mawili tulikuwa nayo, kwa sababu ndugu walikuwa bado hawajaarifiwa.

Hakuna aliyeshangilia chumbani, nami nisingeruhusu. Watu 3 wamekufa.

Saa 1:00 usiku

Kwa kawaida huwa nimeshaondoka. Ripota aliyekuwa kwenye ghala amerudi, nguo zinanuka moshi, anataka kukaa moja kwa moja ahariri sauti alizorekodi. Nimeichukua ile kadi ya kurekodia nikampa mwenzake. Nimekaa naye kwenye chumba kidogo cha kurekodia, mlango tumefunga. Dakika kumi za kwanza alizungumzia kebo iliyokatika. Halafu akazungumzia kiatu. Nimemsikiliza tu. Kesho hatapangwa kazini, na ratiba nimeibadilisha mwenyewe ili asilazimike kuomba.

Nimepita pia mezani kwa yule ripota mkongwe wa asubuhi. Ameshampata mtuhumiwa na amezungumza naye dakika 20. Habari yake sasa ni nzuri, na inaingia kwenye taarifa ya usiku ikiwa ya pili.

Saa 2:00 usiku

Taarifa kuu. Habari ya ghala imefunguliwa na sentensi ya binti wa mitandao, maana nilimwomba aandike yeye aya ya kwanza. Aliiandika mara sita. Nilibadilisha neno moja, nikamwita aone nililolibadilisha na kwa nini.

Saa 3:10 usiku

Makabidhiano. Mhariri wa usiku amekaa, amefungua kitabu cha zamu. Fungu la kwanza limejaa. La pili lina mambo mawili. La tatu nimemwachia binti alijaze yeye kabla hajaondoka, naye ameandika: chanzo cha moto, bado; jina la mwenye ghala linalosambazwa mitandaoni, bado; mwanasiasa aliyelazwa, familia imepigiwa mara tatu, haijapokea, bado.

Nimetia saini chini yake.