Nilivyosafisha sarafu chafu za kuokota kwa siki na chumvi

Sarafu ya zamani inayoweza kuwa na thamani kwa wakusanyaji usiisugue kabisa, bei yake itashuka. Za kawaida zitenge kwanza: za shaba kando, nyeupe kando. Zikichanganywa kwenye siki, shaba iliyoyeyuka inaweza kuzitia zile nyeupe wekundu mbaya.

Nilianza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Loweka saa moja hivi, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini. Udongo mwingi huishia hapo, na nyeupe niliziacha hivyo.

Za shaba zilizobaki nyeusi zilihitaji robo kikombe ya siki nyeupe na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ndani ya bakuli la kioo. Koroga hadi chumvi iyeyuke, tumbukiza sarafu zisilaliane, ziache dakika 5. Asidi huyeyusha ule weusi, ambao ni oksidi ya shaba, na chumvi huharakisha kazi.

Suuza papo hapo kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa. Siki yenye chumvi ikikaukia juu ya shaba, sarafu hugeuka kijani.