Siku Moja ya Mchota Maji ya Ushahidi

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshajaza barafu kwenye kasha, nimehesabu chupa na lakiri, na nimesawazisha mita. Majirani zangu hapa Nairobi wanajua kwamba kazi yangu ni kuchota maji mitoni, nao hunionea huruma. Sijawahi kuwaeleza vizuri kwamba chupa hizo humfikisha mtu kizimbani.

Jumanne hii tulifuata malalamiko ya wafugaji kuhusu kijito kinachoishia Mto Athi, ambacho hubadilika rangi kikishapita kiwanda cha ngozi. Saa tatu kamili tulichota sampuli upande wa juu wa kiwanda, na dakika kumi baadaye tukabisha langoni.

"Madam, ngojeni kidogo, mkubwa yuko njiani," askari alisema. Aliandika majina yetu kitabuni, kalamu ikamwishia wino, akaenda kutafuta nyingine, akarudi bila kalamu, kisha akaomba barua ambayo nilikuwa nimemwonyesha tayari, akaisoma mstari kwa mstari huku akiufuatisha kwa kidole. Tulipofika pampu ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Kabla hajamaliza aya ya kwanza ilikuwa kimya. Tulisimama juani dakika 50. Tulipofunguliwa, bomba la kutolea maji taka lilikuwa likidondosha maji maangavu, na mkubwa akatukaribisha chai.

Nilikataa chai, nikachota maji hayo maangavu kwa sababu utaratibu unadai hivyo, kisha tukashuka kijitoni. Dereva wetu alitoa chungwa alilojiwekea la kula saa nne. Tuliliacha lielee mara tatu katika umbali wa mita 20, na kila mara lilichukua takribani sekunde 50. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, nilipunguza asilimia 15, nikapata sentimita 34 kwa sekunde. Ikiwa pampu ilizimwa tulipobisha, mkia wa uchafu, yaani maji machafu ya mwisho kumwagwa, ungepita kwenye daraja lililo kilomita 2 chini mnamo saa tano kasoro dakika kumi na mbili.

Tulifika darajani saa nne na nusu. Ngozi mbichi huhifadhiwa kwa chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi. Mita ya kupima wepesi huo, iliyosoma mikrosimensi 410 kwa sentimita upande wa juu, sasa ilisoma 2,900. Tulijaza chupa mbilimbili mbele ya mzee wa mtaa, tukatia asidi ya nitriki katika zile za kupimia kromiamu, metali inayotumiwa kusindika ngozi, pekee, tukazipiga lakiri, naye akatia sahihi. Saa tano kasoro dakika tano mita ilisoma 2,100, halafu 900. Mkia huo hutawanyika njiani, kwa hiyo katika ripoti nimeandika "takribani".

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Kulikuwa na foleni, fomu za makabidhiano, na mgongo ulioniuma hadi maabara, ambako kila namba ya lakiri ilisomwa upya, kwa maana wakili hodari hahitaji kubishana na kemia akipata lakiri moja isiyolingana.

Giza lilipoingia, chupa za kupimia oksijeni inayotumiwa na vijidudu ziliingia kabatini kwenye nyuzi 20, zikae siku 5. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za oksijeni hiyo kwa lita katika maji taka yanayomwagwa mtoni. Siku ya tano ni Jumapili, na zamu ya kuzifungua ni yangu.