Jasho, kutetemeka na huzuni baada ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni: kilichotuliza

Jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha dakika 10 hadi 30 baada ya kula vilitokana na vitu vitamu kushuka upesi mno kwenye utumbo mdogo. Kutetemeka na unyonge wa ghafla saa 1 hadi 3 baadaye ni insulini (homoni inayoshusha sukari) kuzidi na sukari ya damu kuporomoka. Hapa Malindi, wachokozi wakubwa ni haluwa, kaimati na juisi ya ukwaju yenye sukari.

Kilichotatua ni kuanza mlo na samaki au mayai, kisha kumalizia na wali vijiko viwili. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji nusu saa baada ya mlo, si pamoja nao. Vidonge vya chuma havimezwi kwa chai, na vitenganishwe na kalsiamu kwa saa 2.

Huzuni ikibaki, pima damu: vitamini B12, chuma, vitamini D. Ikiwa unameza dawa za sonona, mwulize daktari kama bado zinafyonzwa sawasawa, usiziache ghafla.

Anayetapika siku kadhaa kisha akayumba au kuona viwiliviwili apelekwe hospitali siku hiyohiyo, achomwe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mwenye mawazo ya kujiua naye asingojeshwe.