Nilivyopanda mlima kuiona ndiva ikiwa imejaa

Katika Milima ya Upare Kusini, wilayani Same, wakulima hujenga kwa mikono yao mabwawa madogo yaitwayo ndiva, na kwa muda mrefu nilitamani kuliona moja likiwa limejaa. Ugumu ni kwamba ndiva hujazwa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, kwa hiyo anayetaka kuyakuta maji hana budi kupanda mlima gizani.

Mzee aliyenipokea kijijini aliniuliza kwanza nimevaa viatu gani, kisha akanikataza njia inayokwea moja kwa moja katikati ya migomba. "Mwanangu, ukishika ile ya mkato utafika huku umechoka, na maji yameshafunguliwa," aliniambia. Tulikwea kipande kimoja tu kilichosimama, tukaukuta mfereji, na kutoka hapo tukafuata ukingo wake. Waliouchimba waliupa mwinamo mdogo sana ili maji yasiuchimbe zaidi, na mwinamo huohuo ndio ulioninusuru, kwa kuwa njia iliuzunguka mlima badala ya kuukabili. Hata hivyo, mvua za vuli zilikuwa zimeulowesha udongo mwekundu, nami nilipiga hatua fupi, nikiukanyagia kisigino kwanza, huku fimbo ikiwa katika mkono ulioelekea mlimani, maana upande wa pili hapakuwa na cha kushika.

Tulifika kukiwa kunapambazuka. Chemchemi yenyewe inatoka chini ya miti ambayo hakuna anayethubutu kuikata, nayo ni nyembamba kiasi kwamba mgeni angeweza kuidharau. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walihangaika kubeba mawe hadi kule juu. Chemchemi inayotoa lita 1 kwa sekunde, ikiachiwa mferejini wakati wa kiangazi, huweza kunywewa na udongo kabla haijafika shambani. Ikikusanywa kwa saa 12 huwa lita 43,200, ambazo zikiachiwa kwa pamoja hushuka kwa nguvu ya kufika mbali.

Ukuta ulikuwa wa mawe yaliyopangwa na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na sehemu moja tu ilikuwa imepakwa saruji. Tundu la kutolea maji lilizibwa kwa gogo lililozungushiwa majani makavu ya mgomba na kukandikwa tope. Mwenye zamu aliligongagonga gogo pande zote mpaka likalegea, akalivuta, na maji yakaingia mferejini yakiwa na rangi ya udongo kabla ya kutakata. Kazi ya kuzoa tope linalojaa ndani hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na kwa maoni yangu huo ndio unaoiweka ndiva hai kuliko saruji, kwa sababu bwawa lililojaa tope halihifadhi kitu hata kama ukuta wake ni imara.

Kushuka kulinichosha magoti kuliko kupanda. Nilishuka kwa mshazari, nikipumzika kila palipokuwa na tambarare, na maji yalitutangulia shambani kwa mbali.

Anayepanga kwenda azungumze na viongozi wa ndiva siku moja kabla, aombe ruhusa na mtu wa kumwongoza, kisha aulize kama kuna msaragambo, kwa kuwa siku ya kuzoa tope bwawa huwa tupu.