Siku Nilipompeleka Mzee Erddig

Mwaka 2014 nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao huko Wrexham, kaskazini mashariki mwa Wales. Mmoja wao nilimwita Mzee, na alipojua maana yake akakataa kuitwa jina jingine. Alikuwa mchimba makaa ya mawe. Aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na mitano, akatoka mgodi wa Bersham ulipofungwa mwaka 1986. Vumbi lilikuwa limemkalia mapafuni. Akipanda ngazi nne anasimama, anashika ukuta na kutazama mbali kama mtu aliyesahau kitu njiani, kumbe anatafuta pumzi.

Asubuhi moja, ninamfunga vifungo vya shati, akasema anataka kwenda Erddig. (Wao hutamka Erdhig, dd yao ni dh yetu ya dhahabu.) Ni jumba la kale nje kidogo ya mji. Nikamuuliza kama amewahi kufika. "Kwa chini, mara nyingi," akasema. "Ndani, bado."

Tukaenda kwa teksi. Nilitegemea tupite mlango mkubwa wa mbele, maana jumba lenyewe limenyooka juu ya kilima, tofali nyekundu upande wa bustani, madirisha yamepangwa safu kama askari. Lakini wageni hupitishwa uani: karakana ya seremala, kwa mhunzi, mazizi ya farasi, chumba cha kufulia, tanuri la mikate. Hadi unafika sebuleni kwa mabwana umeshapita mikononi mwa watumishi wao wote. Mzee alisimama sana kwa mhunzi, akagusa fuawe kwa kidole kimoja, akanusa kidole.

Mama mmoja wa makamo anayejitolea pale alituona tunakwenda kinyonga, akafuatana nasi na kutueleza historia. Jumba lilianza kujengwa mwaka 1684 kwa amri ya Joshua Edisbury, mtu mwenye cheo lakini mfuko mwembamba. Alikopa huku na huku, mpaka kwa Elihu Yale, yule ambaye chuo kikuu cha Marekani kina jina lake na kaburi lake liko hapo kanisani Wrexham. Madeni yakammeza. Mwanasheria wa London, John Meller, akalinunua, akaongeza mabawa mawili, kulia na kushoto, na kulijaza vioo, hariri na samani za bei. Hakuwa na mtoto. Mwaka 1733 likaenda kwa mpwa wake, Simon Yorke, na tangu hapo ni Simon na Philip, Philip na Simon, miaka mia mbili na arobaini. Nilicheka. Kwetu Tanga nayajua majumba ambayo ukiita "Salimu!" wanaitika watano.

Kwenye korido ya chini kuna safu ya kengele ukutani, kila chumba cha juu na kengele yake. Hapo nilikwama. Babu yangu alikuwa boi kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na hadi uzeeni, jirani akigonga sufuria kwa kijiko, babu alikuwa ananyanyuka nusu kwenye kiti kabla hajakumbuka kwamba haitwi. Bibi alikuwa akimcheka. Sisi wajukuu tulicheka pia, kwa kuwa hatukujua tunachocheka.

Ukumbi wa watumishi ndio uliomchosha Mzee, au labda ndio uliomfurahisha mpaka akataka kukaa. Kuta zimejaa picha, na si za mabwana. Miaka ya 1790 Philip Yorke wa kwanza alimwita mchoraji kutoka Denbigh, John Walters, amchoree watumishi wake kwa rangi ya mafuta: seremala, mhunzi, mlinzi wa wanyama wa porini, na Jane Ebbrell, bikizee wa miaka 87 aliyekuwa akifagia utando wa buibui, kashika fagio lake. Kila mmoja Philip akamtungia mashairi. Tungo zenyewe ni za mtu mwenye muda mwingi, vina vya kulazimisha, lakini majina yamebaki. Babu yangu tunayo picha moja, na humo yuko ukingoni, nusu ya bega imekatwa, kwa kuwa aliyekuwa anapigwa picha ni mbwa.

Kisha nikamwona yule kijana. Mweusi, kavaa sare, kashika baragumu. Shairi lake linasema habari za mtu huyu ni haba, ila aliishi hapa na kumpigia baragumu bwana Meller. Basi. Fagio la Jane lina habari kuliko yeye. Nilisimama mbele yake mpaka yule mama akaanza kupanga vipeperushi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mzee akaniuliza, "Wa kwenu?" Nikamwambia kwetu ni mbali na alikotoka huyu, yaelekea hata bahari si ile ile. Akatikisa kichwa, akasema, "Hata hivyo." Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimefikiri vile vile.

Akiwa amekaa kwenye benchi ndipo alipoanza kusema ya kwake. Zamani, kampuni zilipokuwa za watu binafsi, chini ya jumba paliachwa nguzo nene ya makaa ili lisimame. Migodi ilipotaifishwa mwaka 1947, na ile nguzo ikachimbwa. Jumba likaanza kuzama, si sawasawa: upande mmoja ulishuka kama futi 5, mwingine pungufu. Kuta zikapasuka, paa likavuja. Philip Yorke wa mwisho, aliyerithi mwaka 1966 kwa kaka yake, alikaa humo bila umeme, ana jenereta ndogo ya kuwashia televisheni, maji ya mvua yanatiririka hadi kwenye kitanda cha hariri ya Kichina kilicholetwa enzi za Meller. Mwaka 1973 akalikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, pamoja na kila kilichokuwamo, maana ukoo wake haukutupa kitu. Likakazwa chini, likazibwa juu, na mwaka 1977 Charles, wakati huo mwanamfalme, akaja kulifungua.

"Tulijua jumba liko juu," Mzee akasema. "Lakini ukiwa kule, juu ni mwamba tu."

Sikujua kama anaungama au anajisifu. Nadhani vyote viwili.

Ngazi za kwenda kwenye kile kitanda hakuziweza. Akatia mkono mfukoni, akanipa pipi ya mnanaa, ile nyeupe ya duara aliyokuwa akimung'unya siku nzima. Akanivuta karibu: nipande, niiweke sakafuni kwa ubavu, niangalie itabingirikia wapi. Nikamwambia Mzee, tutafukuzwa. Akasema mimi mnene wa heshima, hakuna atakayenishuku.

Nikapanda. Kitanda kiko nyuma ya kioo, kirefu kuliko mlango wa kwetu, hariri imefifia lakini ndege na maua bado wanaonekana. Nilitafuta nyufa, sikuona hata moja. Msimamizi alipogeuka kumwelekeza mtoto choo kilipo, nikainama kama ninayefunga kiatu, nikaiachia pipi.

Ilizunguka kidogo, ikagonga ukingo wa zulia, ikalala. Ilielekea wapi? Sikuona vizuri, nilikuwa namtazama msimamizi. Nikaiokota.

Chini, Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi, ananisubiri kama matokeo ya mtihani.

"Imebingirika," nikasema.

"Kuelekea wapi?"

Nikanyoosha mkono popote, upande wa dirisha. Akatazama huko, akafumba macho, akahesabu kitu kwa vidole, hatua labda, au miaka. Akaitika kwa kichwa. Kisha akanyoosha kiganja nimrudishie pipi yake, akaifuta kwenye koti, akaila.